Dalali Aliyeijua Saa ya Kila Mtaa

Dalali alimwona yule mama tangu akiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa akizitazama nyumba za mtaa ule moja moja, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya. Mtu aliyetulia kwake hatazami nyumba za wenzake hivyo. Yule alikuwa anatafuta chumba, na anayetafuta chumba ni riziki inayojileta kwa miguu yake yenyewe.

Mjini dalali huyu aliitwa Saa Njema. Wageni walidhani ni kwa ajili ya salamu zake tamu; wenyeji walijua. Kila mtaa una aibu yake, na kila aibu ina saa yake ya kulala, naye alizijua saa hizo zote kwa kichwa. Vyumba vya kwa mafundi wa kuchomelea vyuma alivionyesha Jumapili. Vya bondeni, ambako maji huingia bila kubisha hodi, alivionyesha kiangazi. Vya jirani na machinjio alisubiri upepo uvume kwenda kwingine, na ukigeuka katikati ya maelezo, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitalini. Mwenyewe alijitetea kwamba hajapata kumdanganya mtu. Aliwaacha tu watu waone kwa macho yao.

Lakini mganga hajigangi. Bingwa huyu aliishi mlango wa pili kutoka mashine ya kusaga nafaka, iliyonguruma tangu alfajiri hadi magharibi, siku sita kwa wiki. Vikombe vilitembea vyenyewe kabatini, unga ukatua juu ya mito. Kodi alikuwa amekwisha kuilipa ya miaka miwili, akidhani amelamba dume kwa ule unafuu wa bei, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kurudisha kitu. Mkewe alivumilia miezi minane. Wa tisa alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake.

"Sikuchukii," alimwambia mlangoni, kwa kupiga kelele, maana mashine ilikuwa inasaga. "Nimechoka kugombana na mtu asiyenisikia. Ukipata mahali pa binadamu, njoo unichukue."

Na Saa Njema, pamoja na maneno yake yote, alimpenda mkewe. Tangu aondoke alikuwa anakula kwa kusimama, na akisimulia kichekesho hana wa kumwambia kwamba amekwisha kukisikia. Ndiyo maana Jumapili ile alipovuka barabara hakuwaza ujira wa dalali. Aliwaza kumwachia mtu ile nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunatafuta nyumba?"

"Nyumba ninayo. Natafuta mahali pa kuishi." Mama alitua mkoba wake. "Niko kule juu kilimani. Marehemu mume wangu alilipa kodi ya miaka mingi, akatangulia. Nyumba kubwa, bustani, kimya tupu. Nikipata mtu tubadilishane mkataba kwa mkataba, nashuka hata kesho."

Moyo wa Saa Njema uliruka. Uso wake ukabaki palepale ulipokuwa. Hiyo ndiyo shule yenyewe.

"Ninayo moja ya kukufaa," alisema, kana kwamba anajilazimisha.

"Nitembeze mitaa kwanza. Mimi mbuzi kwenye gunia sinunui."

Akamtembeza. Na kwa kuwa alitaka mitaa mingine yote imchukize, ilimbidi afanye jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi, nalo ni kusema kweli. Ulimi ulimkwama kidogo, kisha ukazoea. Kwa mafundi alimweleza kuhusu cheche na nyundo. Bondeni alimwonyesha alama ya maji ukutani, usawa wa kifua. Machinjioni alimwambia avute pumzi asubiri. Mama alisikiliza yote kwa heshima, na kila walipofika aliuliza swali lilelile.

"Na asubuhi hapa hupita watu wangapi?"

Mjane, aliwaza Saa Njema. Mtu mzima. Anaogopa vurugu za watu. Akaliweka swali lile mfukoni, na walipofika kwake alikuwa na jibu lake tayari.

Siku hiyo mlango wa mashine ulikuwa na kufuli. Mtaa ulitulia hata ukasikia ufagio wa jirani. Mama alikaa barazani, baraza pana la saruji linalotazama njia, akaelekeza kidole chake jirani.

"Pale ni nini?"

"Ghala la zamani, mama. Lilishakufa."

"Na watu?"

"Mama yangu, hapa hapapiti hata paka."

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni, akaanza kuinuka. "Basi tena. Upweke ndio unaonikimbiza kule, nije kuukuta huku?"

Hapo ndipo dalali alipobanwa na kinywa chake mwenyewe. Akisema watu wapo, ataulizwa wanafuata nini. Akabaki na njia moja tu, kuongeza utamu.

"Nitakuachia benchi, mama. Utaweza kualika wageni."

Mama akashusha pumzi. "Benchi moja, kwa upweke huu?"

"Mabenchi yote mawili. Na meza."

Akashusha nyingine, ndefu zaidi. Likaongezeka birika kubwa, likaongezeka jiko la mkaa, likafuata turubai la kuzuia jua. Kila pumzi iliondoka na kitu. Mwishowe mama akasema vema, atajikaza.

Saa Njema naye hakuwa mtoto. Ile nyumba ya kilimani aliikagua mara saba. Alikwenda asubuhi, adhuhuri, siku ya kazi, siku ya mvua. Alinusa upepo, akafungua mabomba, akamhoji mlinzi wa jirani mpaka mlinzi akauliza kama kuna kesi. Hakukuwa na kasoro. Kilikuwa kimya cha kweli, chenye ndege. Wenye nyumba wote wawili walikubali, mkataba ukaandikwa upya, na Jumapili iliyofuata watu wakahama. Saa Njema alipanda kilima akiona huruma kidogo kwa yule mjane, huruma ya mtu aliyeshinda.

Mkewe alirudi. Alipita chumba hadi chumba, akasimama katikati ya sebule, akasema kwa sauti ya kawaida, "Umefanya jambo, mume wangu." Saa Njema alilisikia kila neno. Machozi yalimlengalenga, akasingizia vumbi, na vumbi lenyewe halikuwapo.

Wiki ya kwanza ilikuwa asali. Ya pili, simu yake ikapoa. Hakuna aliyempigia kutaka chumba, wala yeye hakujua chumba kipo wapi. Ndipo alipoanza kuelewa taratibu, na kwa maumivu, kwamba habari zake zote alikuwa akizipata kwenye foleni ya mashine. Nani anahama, nani kagombana na mwenye nyumba, nani kahamishwa kikazi, yote yalipigiwa kelele chini ya dirisha lake na watu wenye ndoo za mahindi. Yeye alidhani ni usumbufu, kumbe ilikuwa ofisi.

Jumatano akateremka. Alipanga asikilize foleni kwa mbali, asionwe na yule maskini aliyemuuzia kelele.

Maskini alikuwa barazani, katikati ya umati. Turubai limetandwa, birika linachemka, mabenchi yamejaa, na foleni imepinda mpaka kwenye kona. Mashine ilinguruma. Mama alikuwa anamimina chai na kurudisha chenji bila kuinua uso.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa sauti iliyoipita mashine. "Umechelewa. Nilikutarajia wiki iliyopita."

"Mama, kumbe ulijua?"

"Miezi minne nimepanga foleni hapa na ndoo yangu. Watu wanasimama saa nzima hawana pa kukaa wala cha kunywa, na baraza lote hili tupu. Nikawa najiuliza ni nani huyo asiyeona."

"Sasa Jumapili ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja saa unayoipenda wewe."

Waliokuwa kwenye benchi walisogea kumpa nafasi. Akakaa.

"Na wanaokunywa chai husema," mama aliendelea, akimpa kikombe. "Wiki hii nimepangisha vyumba vitatu. Shida yangu ni miguu, siwezi kuliacha birika nikatembeze wateja. Wewe unayo. Tutagawana nusu kwa nusu. Ila wangu tunawaonyesha siku ya kelele. Anayekubali hapo harudi kulalamika."

Saa Njema alifikiria kukataa. Kisha akamfikiria mkewe, na nyumba ile, na jinsi ambavyo angemweleza kwamba inabidi warudi kwenye unga. Akanywa chai. Ilikuwa nzuri, na hilo lilimuuma zaidi.

Akawa anaondoka asubuhi na viatu vilivyopigwa rangi, na kurudi na uchovu wa mtu mwenye kampuni. Mkewe akiuliza, anajibu kwamba kazi zimepanuka, siku hizi ana mbia. Mwezi mzima ukapita hivyo.

Jioni moja alimkuta mkewe kwenye ngazi za bustani, sahani mapajani.

"Nilikwenda kusaga leo," mkewe alisema. "Nikamkuta mama mmoja wa chai pale kwetu pa zamani. Mkarimu sana."

Saa Njema alikaa polepole.

"Nikamwambia mume wangu ni dalali mkubwa, amempata mjane fulani akambadilishia nyumba. Akaniuliza huyo mume yukoje. Nikamweleza. Akasema, 'Ahaa, huyo ni kijana wangu wa miguu. Mwambie kesho awahi.'"

Mkewe alijaribu kuuma midomo ikashindikana. Akacheka mpaka akashika ukuta. Na kwa ile nyumba ilivyo kimya, kicheko kilivuka bustani, kikavuka uzio, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie, jirani akachungulia kutoka upande wa pili.

"Kuna nini jamani?"

"Hakuna kitu," alisema Saa Njema haraka.

"Kipo," alisema mkewe akijifuta machozi. "Njoo ukae, shoga, nikusimulie tangu mwanzo."