Mwanga Mwekundu Ndani ya Gego la Mzee Soka

Jumanne, 3 Machi 1998. Koboko.

Mzee Soka, babake Keji, anaumwa gego siku ya nne leo. Wajomba zangu wanakuja Jumamosi kuniposea Keji, na mzee amesema hapokei mgeni kwa mdomo huo. Basi nitamponya mwenyewe. Miaka miwili nilifagia zahanati ya meno ya Drani kule Oli, Arua. Nilifukuzwa kwa kosa dogo tu: yeye alikwenda msibani, mimi nikawatibu wagonjwa wawili. Lakini kule niliona picha kwenye gazeti. Ulaya wanasafisha mizizi ya jino kwa mwanga wa leza. Na leza ninayo! Ndogo kama risasi, mwanga mwekundu, nilinunua kwa muuza betri. Watoto huichezea ukutani. Hawajui walichoshika.

Jumatano, 4 Machi.

Huku kila mtu anajua jino linaumwa kwa sababu ya mdudu. Tabibu asiyemtoa mdudu amekula bure. Kwa hiyo nilikausha buu mmoja wa mahindi, nikamficha kwenye pamba. Saa sita mchana, nyumbani kwa mzee, majirani wakitazama, nikafunga madirisha, nikaziba nyufa kwa magunia, nikamtia mzee pamba mdomoni, nikawasha leza. Gego la mzee likawaka jekundu mpaka kwenye ufizi. Ndani yake kivuli kikapita polepole, kikarudi. Nilidhani mkono wangu unatetemeka. Nikautazama. Ulikuwa umetulia.

Mzee akatema kwenye beseni la maji. Mabuu wawili. Mimi niliweka mmoja! Wangu alielea mkavu. Mwenzake alizunguka ukingoni, kama anatafuta mlango. Nikatangaza kwamba ni mama na mtoto. Makofi. Mzee akasema maumivu yamekwisha kabisa, akaagiza nyama. Keji alinitazama vizuri sana.

Alhamisi, 5 Machi.

Sifa zimefika hadi kule Dranya. Amekuja Mariam Poni, muuza muhogo. Nikamulika, akatema. Watatu, wote hai. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuweka kitu. Nikapapasa mfukoni: pamba mpya ipo, buu mwingine niliyemwandaa yumo. Niliogopa, sitaficha. Kisha nikajituliza. Tabibu wa kweli haweki, wanakuja wenyewe. Beseni nimelifunika kwa bati, na juu ya bati nimeweka jiwe. Nasikia wakigonga.

Ijumaa, 6 Machi.

Uso wa mzee umevimba, jicho moja limefunga. Anatetemeka kwa homa na anasema kuna kitu kinatembea chini ya taya. Keji alikuja mbio. Akaniambia, "Hamuza, baba hapana lala. Wewe iko na hakika na hii kitu yako?" Nikasema ninayo. Nikamulika tena. Juzi mwanga uliwaka, leo umeingia ndani ya jino ukapotea. Giza tupu, kama nyumba iliyohamwa. Keji akataka tumpeleke kwa Drani. Nikamwambia Drani hajui ila kung'oa. Akaingia ndani kufunga nguo za babake.

Jumamosi, 7 Machi.

Wajomba wamefika na kanzu zao. Nyumba ya mzee imefungwa. Keji alimpandisha babake lori la Arua alfajiri bila kuniaga. Wajomba wamekaa uani kwa watu hadi adhuhuri, wamekula kuku wangu, wamerudi kwao Midia. Mkubwa wao amesema hajawahi kuposa mlango.

Jumatatu, 9 Machi. Arua.

Mzee yu hai, alhamdulillahi. Nililia kidogo nilipomwona, nikasema ni vumbi. Drani alilifungua jino, akatoa usaha, akakwangua kila mzizi kwa visindano vyake na kuuosha kwa dawa. Kwa maelezo yake, maumivu yalikwisha kwa sababu mshipa wa jino ulikufa, na usaha ukawa unashuka kwenye taya. Siku moja zaidi ungefika kooni, tungekuwa tunazika. Akasema leza ya Ulaya huingia kwenye jino lililofunguliwa tayari, ikayatikisa maji ya dawa mpaka yakafika kwenye vijitundu vya mizizi, na kwamba yangu ni ya kuonyeshea ukutani. Nikamjibu kwamba yangu ina betri tatu.

Mzee ametoa sharti moja. Alhamisi nisimame sokoni Koboko, niseme wazi kwamba yule mdudu nilimweka mimi. Keji atakuwepo kusikiliza. Nikisema, wajomba warudi, na mlango utakuwa wazi.

Alhamisi, 12 Machi. Koboko.

Nimesimama. Nimesema: kwa Mzee Soka niliweka buu mmoja, ni uongo, nisameheni. Keji akatabasamu. Wallahi nimeliona tabasamu lile.

Kisha Mariam Poni akasogea. Alinyanyua khanga iliyofunika beseni lake. Mabuu kumi na wawili, na wote wameelekeza vichwa kwangu. Akauliza kwa upole, "Ya Soka uliweka moja. Hii yangu nani naweka? Bado natoka kila asubuhi." Keji akatikisa kichwa polepole, ananisihi. Nilitakiwa kusema sijui, niende zangu.

Nikasema mwanga ndio unaowaita, ndiyo maana dawa ni mara mbili: kwanza kuwaita, kisha kuwamaliza. Wakapanga foleni hapohapo, na wengine walikuja na mabeseni yao. Nimemulika vinywa tisa. Kila kimoja giza tupu hadi chini. Nilipoinua macho, Keji hayupo. Sijui nini kimemuudhi, maana sharti nimelitimiza neno kwa neno. Kesho nawatuma wajomba tena. Mkwe mwenye wagonjwa wengi hivi nani atamkataa?