Siafu Asiye na Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mchezo wangu wa kompyuta umekamilika! Bado picha nyingi, sauti na ile sehemu ya kuchezea. Unaitwa Kisasi cha Baba. Shujaa ni siafu dume, mfalme, kifua kama mlango, macho makali. Mchwa wamemuua baba yake. Atalipiza. Nimeshachapisha mabango hamsini.

Maonyesho ni Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Nimejiandikisha kundi la michezo ya sayansi kwa sababu lina washiriki wachache. Hiyo ndiyo akili! Mshindi anapewa ofisi mwaka mzima na kampuni ya michezo. Nikishindwa, Jumatatu ijayo naanza kupima misumari dukani kwa mjomba. Tulikubaliana mbele ya mama. Mjomba ameshanishonea aproni. Mtu wa imani haba.

Jumanne, 4 Juni

Msiba. Kisharubu, niliyesoma naye darasa moja (alinakili hesabu zangu, tukafeli wote), alikuwa na mchezo wa mbio za magari. Leo kahamia kundi la sayansi! Gari kalipaka rangi nyekundu, anasema ni chembe ya damu. Honi bado inalia.

Jioni nikamwonyesha dada mchezo wangu, anisifu. Dada anafundisha baiolojia sekondari. Akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Huyu nani?"

"Mfalme wa siafu, dada."

"Siafu hawana mfalme, mdogo wangu. Wana malkia. Askari ni majike, vibarua ni majike. Dume anaoa, anakufa. Basi."

Nikamwambia huyu hawezi kufa, ana kisasi cha baba yake.

"Baba yupi? Siafu dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa. Hana baba."

"Hana kabisa?"

"Hana. Babu anaye, mzaa mama."

Halafu akaongeza kwamba siafu vibarua ni vipofu, wanafuata harufu. Nikamjibu kwamba sanaa ina ukweli wake. Akasema sawa, ila jaji wa Jumamosi ni mama mmoja aliyemfundisha chuoni, mtaalamu wa wadudu.

Nikaomba daftari lake. Kwa adabu.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya ushindi mtupu! Nimechukua kalamu nene, nikageuza A ya mwisho kuwa U kwenye mabango yote hamsini. KISASI CHA BABU. Sayansi imeridhika, hakuna karatasi iliyopotea.

La pili ni kubwa zaidi. Ikiwa siafu hawaoni, msitu nachora wa nini? Nimefuta miti yote ya wiki tatu (ilifanana na mifagio). Skrini nyeusi tii! Harufu ni mistari ya rangi: njano njia ya chakula, nyekundu hatari. Wavivu wengine hulala. Mimi nikiona uvivu, nagundua.

Bado sauti. Nimekusanya siafu halisi kwenye chupa ya kahawa, nikatoboa kifuniko wapate hewa. Nitawarekodi kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Hewa hupita kwenye tundu. Siafu pia.

Mama alikuwa na kikao cha kikundi chake sebuleni. Akina mama kumi na wawili. Mweka hazina ndiye aliyeanza kuruka. Katibu akapanda juu ya meza na kumbukumbu za kikao mkononi. Mimi nimeumwa mahali ambapo hata shajara haihitaji kupajua. Mama katamka mbele ya wajumbe wote kwamba nyumba hii ni ya siafu au ni yangu, nichague.

Lakini simu ilikuwa inarekodi! Sasa nina dakika nne safi za mchwa wakikimbia kwa hofu. Sauti ya katibu haina mfano.

Ijumaa, 7 Juni

Dada katoka kazini moja kwa moja, chaki bado kwenye mikono ya blauzi. Tumefanya kazi pamoja hadi giza likaingia. Yeye alipanga upya hatua zote za mchezo, akarekebisha njia za harufu, akaandika maelezo. Mimi nilishika chaja, maana waya umelegea. Ushirikiano wa kweli.

Jumamosi, 8 Juni

NIMESHINDA!

Nianze mwanzo. Kisharubu alitangulia. Jaji akamuuliza chembe ya damu ina magurudumu ya nini. Akajibu, mwendo kasi. Honi ikalia yenyewe.

Zamu yangu. Tarumbeta! Dume wangu akatokea na mabawa na kifua chake. Vibarua wakamkamata, wakamng'oa mabawa, wakamburuta kwa malkia. Akaoa. Akafa. Sekunde hamsini na mbili! Jaji akacheka hadi akaomba kitambaa. Kisha skrini ikawa nyeusi, naye akasogeza kiti. Dakika ishirini anaongoza msafara wa siafu gizani kwa harufu tu. Alipoinuka alisema kwa mara ya kwanza maishani amejua siafu anavyojisikia. Foleni ya watu ikafika mlangoni. Mjomba alipanga foleni mara mbili.

Jukwaani nikajishukuru mimi, mama, simu yangu na shirika la umeme. Niliposhuka nikamwona dada nyuma kabisa, kasimama, anapiga makofi kuliko wote. Nikampungia chaja, akumbuke nani aliishika.

Jumatatu, 10 Juni

Ofisi! Kiti kinazunguka. Nimezunguka mara arobaini, nikalazimika kulala sakafuni kidogo.

Wenye kampuni wameuliza kama nina wazo la mchezo wa pili. Wazo? Wenye vipaji hatukosi wazo. Buibui dume, kijana mtanashati, anaoa buibui jike mkubwa kuliko yeye, wanazeeka pamoja kwa amani. Unaitwa Raha za Ndoa. Mabango mia mbili yako kiwandani tayari.

Dada amepiga simu mara tatu, anataka kunieleza bibi arusi hula nini siku ya arusi. Nimemwambia asijisumbue, baiolojia sasa naijua, na mambo ya chakula nitayapanga mwenyewe.