Nimeoga Oili ya Gari Lisilouzwa

Leo aibu imenimwagikia kichwani. Nikisema kichwani, ni kichwani kweli. Mtaona.

Dada yangu Riziki anaoka mikate ya sinia na kuipeleka kwenye mikahawa, kuanzia hapa Likoni mpaka Changamwe. Anaipeleka kwa bodaboda. Haipiti wiki sinia moja halijaanguka barabarani, na Riziki analia kidogo, kisha anawasha jiko tena. Amejinyima miaka mingi apate kigari cha kubebea. Jana akanipa simu yake, akiba yote imo ndani, pamoja na namba ya siri.

"Wewe ndiye unayejua mambo ya magari," akasema. "Kanitafutie. Lakini hizi zikipotea, sina nyingine."

Mimi ndiye ninayejua mambo ya magari! (Shule niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nimepakia saruji, nimeuza matikiti, nimepaka rangi hoteli, na nimekaa gereji moja Changamwe nikiosha spana. Naingia kila kazi nijue inafanywaje. Nikishajua, naondoka.) Katika ukoo wetu mzima, Riziki ni mtu wa kwanza kunikabidhi kitu cha maana. Nilitoka kwetu Timbwani kifua mbele.

Na nyinyi mnanijua. Kwenye kundi hili ni nani anayewahubiria kila siku kuhusu matapeli wa magari ya mtandaoni? "Usitume pesa kabla hujaliona gari kwa macho yako." Nani aliandika hivyo, kwa herufi kubwa? Haya.

Tangazo nililiona asubuhi. Probox nyeupe, safi, bei ya kumfaa Riziki, iko Kisauni. Nikapiga kwa simu hiyohiyo ya Riziki. Akapokea mwanamume mpole, sauti kama ya mtu anayesoma dua. Akajiita Swaleh.

"Gari lilikuwa la marehemu baba," akasema. "Liko nyumbani kwa mama. Nenda kalione mwenyewe, lishike, lichunguze. Ila nakuomba kitu kimoja, ndugu yangu."

"Sema."

"Usimtajie mama habari za kuuza. Ana presha. Wewe liangalie tu, halafu tumalizane mimi na wewe."

Nilimwonea huruma. Na nikajiuliza, tapeli gani anakwambia nenda kalichunguze gari? Huyu ni muungwana. Nikavaa shati langu jeupe la Idi nionekane mnunuzi wa kweli, nikatia spana mfukoni, huyoo nikavuka feri.

Nyumba nikaipata: lango la kijani, gari uani. Lilelile la kwenye picha! Nikapiga hodi. Akatoka bibi mmoja, leso kichwani, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo bi."

"Marahaba mwanangu. Kumbe umewahi! Niliambiwa utakuja adhuhuri. Gari hilo hapo, liangalie kwa nafasi yako. Ushakula?"

Nikajua Swaleh amempigia mama yake. (Hamna hata sekunde moja niliyojiuliza kwa nini mwenye presha anafurahi hivyo kuniona.) Bi Rukia, ndilo jina lake, akaniletea mahamri na mbaazi, akaziweka kwenye kigoda kando ya gari. Nami nikaweka simu ya Riziki hapohapo, nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari.

Chini kulikuwa kuzuri. Hakuna kutu. Sasa nikataka kujua oili ikoje, nyeusi au bado safi. Ningeweza kufungua boneti, nikavuta kile kijiti cha kupimia, nikaangalia, nikafuta. Watu wote wenye akili hufanya hivyo. Mimi nilichukua spana, nikafungua nati ya chini ya injini.

Nikazungusha kidogo. Hakitoki kitu. Nikazungusha tena.

Nati ikaruka, ikabiringika nisikojua. Oili ikaja kama bomba la maji lililopasuka, ikanipiga shingoni, ikashuka kwenye shati la Idi. Nikafanya kitu cha kwanza kilichonijia: nikaziba tundu kwa kidole. Ikaacha kumwagika. Lakini sasa nimenasa. Nikitoa kidole, injini nzima inanishukia usoni. Nikibaki, nabaki mpaka lini?

Ndipo simu ikalia.

"Mwanangu, simu yako!" akasema Bi Rukia. "Nikupokelee?"

"Tafadhali bi, iweke kwa sauti!"

Alikuwa Swaleh. "Ndugu yangu, umeliona?"

"Nimeliona." (Nilikuwa nalinywa.)

"Basi kuna mteja mwingine yuko njiani, ana pesa mkononi. Mimi nimekupenda wewe. Tuma arbuni sasa hivi kwenye namba hii, nimkatalie." Akakata.

Nikamwona Riziki anaokota mikate barabarani. Gari nimeliona, nimelishika, nimelala chini yake. Sheria yangu mwenyewe nimeifuata yote. Kilichobaki ni kutuma, na mkono mmoja uko ndani ya injini, wa pili unateleza kama samaki.

"Bi," nikaita, "naomba unisaidie kutuma pesa. Mimi nitakutajia."

"Nitajie mwanangu, ila sema kwa nguvu. Masikio yangu ya kizee."

Nikasema kwa nguvu. Namba ya Swaleh, kiasi, kisha namba ya siri ya Riziki, tarakimu moja moja, kama mwadhini. Jirani yao, Kazungu, alikuwa juu ya ukuta anaupiga lipu. Akaacha mwiko hewani. Kuku waliacha kudonoa. Kisauni nzima iliisikia ile namba!

"Subiri," akasema Bi Rukia. Nikasikia miwani ikipanda puani. "Hapa pametokea jina. Huyu Zipora ni nani?"

"Zipora gani? Si ni mwanao Swaleh?"

"Swaleh? Mimi nimezaa wasichana watupu."

"Bi," nikasema polepole, "hili gari si linauzwa?"

"Linauzwa na nani? Nilipandalo kwenda hospitali kila mwezi? Kwani wewe si fundi?"

Na wakati huohuo lango likafunguliwa, akaingia fundi. Wa kweli. Ana ovaroli na sanduku la vifaa. Akatazama miguu yangu iliyotokeza chini ya gari.

"Mathe, huyu ni nani na anafanyia nini hii gari?"

"Mwizi!" akapaza sauti Kazungu kutoka ukutani. "Anaiba injini kwa chini!"

Lakini mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni. "Bi! Usibonyeze! Nakuomba usibonyeze!"

"Nimeshabonyeza, mwanangu."

Wallahi, niliona giza. Miaka yote ya Riziki! Nikainuka nisikumbuke niko wapi. Paji la uso likagonga chuma, kidole kikachomoka, na oili yote iliyobaki ikanishukia mdomoni, machoni, kila mahali. Nikajitoa kule chini nikitambaa, mweusi tii, natafuta kigoda kwa kupapasa.

"Umebonyeza nini?" nikalia.

"Pa kukataa," akasema Bi Rukia. "Mimi nitampa vipi Zipora pesa zako na simjui?"

Nikajibwaga kigodani. Juu ya mbaazi.

Kazungu alishashuka na mwiko wake, na vichwa vilishajaa langoni. Bi Rukia akasimama mbele yangu na leso yake. "Hamgusi mtu hapa! Mwizi gani anakuja mchana, anapiga hodi, anaamkia, kisha anaoga oili? Mtoto wa watu huyu katapeliwa."

Nikaeleza yote. Alipoiona picha ya tangazo, akapiga kofi. "Huyo kijana alikuja hapa! Alisema babake ana gari kama hili, akaomba alipige picha. Nikampa na maji ya kunywa."

Simu ikalia tena. Swaleh. Bi Rukia akainyakua kabla yangu, akalainisha sauti kama anabembeleza mtoto.

"Abee, Swaleh mwanangu! Ni mama yako. Mbona huji kunisalimia? Njoo basi, na Zipora umlete, nishawapikia."

Simu ikakatwa. Hata Kazungu alilazimika kuegemea ukuta kwa kucheka. Fundi ndiye hakucheka. Alinipa karai na tambara, akaniambia, "Boss, mwaga umemwaga, sasa panguza." Nikapanguza uani kote. Oili mpya nilitaka kulipa, Bi Rukia akakataa. Alikuwa amemwita fundi ili aje kuibadilisha, na mimi nilishamsaidia kuitoa.

Kwenye feri watu walinipisha kama kiongozi. Nafasi tele, kila upande.

Riziki alikuwa mlangoni. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Gari?"

"Hakuna."

"Pesa?"

Nikampa simu. Aliangalia salio, akazima, akawasha, akaangalia tena. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akafunika uso kwa mikono. Nikadhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikamweleza yote, mpaka pale pa mbaazi, ndipo nikajua si kilio. Alipopata pumzi akasema, "Ungekuwa mwerevu kidogo tu, ukatumia kile kijiti, sasa hivi ningekuwa sina kitu." Halafu akanikatia mkate, kipande cha pembeni, kile ambacho huwa hanipi.

Basi ndugu zangu, ile sheria yangu naifuta. Ukishaliona gari, ukalishika, hata likikumwagia oili yake yote, uliza kwanza kama linauzwa. Na anayetaka kucheka, namwomba asubiri kidogo, kwa sababu Riziki yuko mbele yake kwenye foleni, na bado hajamaliza.