Uzinduzi wa Kituo cha Neno "Meiti", Mjini Wirrabil

Tarehe tatu Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mji huu ulipoteza basi lake la mwisho la watalii, na kwa kuwa nimelisema hilo kabla ya itifaki, sasa itifaki izingatiwe: Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Halmashauri, Kamanda wa Zimamoto ya Kujitolea, Bingwa wa Kunyoa Kondoo Kanda ya Magharibi mara mbili mfululizo, Bi. Noelene Pascoe mwenye duka la pai, Trevor Kneebone fundi ujenzi uliyeegemea gari lako badala ya kukaa na wenzako, mabibi na mabwana. (Makofi ya watu wanne.)

Barabara kuu mpya imetupita kwa kilomita kumi na moja, magari yameshuka kutoka mia tatu arobaini kwa siku hadi kumi na tisa, saba kati ya hayo ni yangu, na Bi. Noelene, aliyekuwa akiuza pai mia mbili, juzi kauza sita, nne kwangu. (Noelene: "Tano, Merv.") Tano. Ndipo mimi, Mervyn Trezise, niliyeanza na jeki moja nikafikisha gereji tatu bila kushikwa mkono na mtu, nikajiuliza kimkakati: wenzetu wa Gollan wamejenga Kitunguu cha saruji cha mita tisa kando ya barabara, na mabasi yanasimama watu wapige picha na kitunguu, sisi tuna nini? Tuna neno: meiti.

Neno hilo Australia nzima inalitumia, lakini hapa, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe baa kwa Alhamisi saba, linatamkwa mara elfu moja mia mbili kwa jioni, kwa maana thelathini na moja zilizothibitishwa. Meiti ni rafiki. Meiti ni mtu uliyesahau jina lake tangu siku ya harusi yake. Meiti fupi, ya kukata, ni ya mwisho kabla ya ngumi. Meiti ndefu, ya kushuka, inamwambia mfiwa yote ambayo mwanamume wa hapa hajui kuyasema. Ikipanda mwishoni, inaomba trela lako, na trela halirudi kabla ya Krismasi. (Kicheko. Sauti: "Clive, unasikia?") Kila maana itapewa chumba chake chenye kiyoyozi, na juu ya paa zitasimama herufi za mita kumi na mbili, yaani asilimia thelathini na tatu kuzidi Kitunguu. (Miluzi, honi.)

Utekelezaji, ndugu wadau, ulianza mara moja. Mkandarasi nilifunga naye mkataba hadharani, pale baa, kwa utaratibu wa babu zetu: nikamnunulia bia, akainywa yote, tukatazamana. (Trevor: "Merv, meiti, ilikuwa zamu yako. Ya kwanza nilinunua mimi.") Naomba utulivu. (Trevor: "Jengo hukulitaja.") Nilitaja mita kumi na mbili. (Trevor: "Nikajua unasimulia yule samaki unayedai ulimvua." Kicheko kirefu; Makamu Mwenyekiti anajifunika uso kwa kofia.)

Kwa hiyo nasema: Wirrabil, neno moja, vyumba thelathini na kimoja. Kitunguu kioze. (Umati: "Kioze.")

Nahitimisha kwa kumshukuru mzee Hocking kwa malisho haya, ambapo kondoo wake mia mbili wamesimama kwa nidhamu ndani ya eneo la mradi, na kuwashukuru ninyi kwa kushuhudia nikikata utepe uliofungwa kwenye vigingi viwili vya uzio wake, maana nyuma ya utepe hakuna msingi, hakuna tofali, wala mchoro haujawahi kuwepo. Ila watu wa mabasi nimeshawapigia simu. Mabasi sita, watalii mia mbili arobaini, keshokutwa Jumapili saa nne asubuhi. Wakikuta kondoo hawarudi tena, na Jumatatu Bi. Noelene anafunga duka. Kaniambia mwenyewe, huku akipanga pai.

Mabati ninayo, rangi ninayo, ngazi mbili ninazo, na soseji nitachoma mimi. Sitaki "tutaona", sitaki "hamna shida". Trevor, na kila mwenye nyundo, kabla ya saa kumi na moja jioni hii nijibuni: kesho asubuhi mnakuja kujenga, au hamji?