Gia ya Pili na Nyonga ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kupima mafuta ya giaboksi injini ikiwa baridi na imezimwa. Giaboksi ya otomatiki hupimwa ikiwa moto, injini ikinguruma, gari likiwa mahali tambarare. Nilifundisha hivyo chuo cha ufundi miaka ishirini na sita. Nimemweleza mke wangu leo asubuhi akiwa kitandani. Akasema hakuuliza.

Hali ilivyo: gari letu la dizeli lina umri wa miaka thelathini na mmoja. Giaboksi inachelewa kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, kisha inaingia kwa kishindo, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Mke wangu alipasuliwa nyonga wiki tano zilizopita. Kila ninapompeleka mazoezini hospitali, kishindo kikija anashika mlango na kufumba macho. Hapigi kelele. Afadhali angepiga.

Alhamisi saa tatu daktari ataangalia kama mfupa umeshika. Shemeji, kaka yake anayekaa nyumba ya pili, amejitolea kumpeleka kwa gari lake jipya. Nimemshukuru na kukataa. Huyu ni abiria wangu kwa miaka thelathini na minane. Nina siku tatu. Zinatosha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima mafuta. Kiwango sawasawa, rangi nyekundu, hayanuki kuungua. Mtu wa haraka angesema basi, tatizo si mafuta. Mimi nimefikiri zaidi. Gari la umri huu linahitaji zaidi ya kiwango, kama mzee anavyohitaji blanketi la pili. Nimeongeza lita moja na nusu.

Fundi wa mtaa wa nyuma alikuwa anapita. Tunamwita Kimya, na hakuna anayeuliza kwa nini. Akainama chini ya boneti, akagusa mpira mwembamba unaotoka kwenye pampu ya kunyonya hewa kwenda giaboksi. Umepasuka, akasema. Mvuto wa hewa ukipungua, giaboksi hudhani dereva amekanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, ndiyo maana inapiga kishindo. Kwa Kimya hiyo ni hotuba. Nikamwonya kwa upole asikimbilie vitu vidogo, nikamchorea giaboksi nzima mchangani. Aliutazama mchoro mpaka mwisho. Akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio. Dakika kumi za kwanza, shwari. Ushindi!

Nikamwita mke wangu tujaribu pamoja. Magongo, mto chini ya nyonga, taratibu. Shemeji alikuwa barazani kwake, akaniita: "Shemeji, leo linabadilisha gia, au bado linagombana nazo?" Nikawasha injini.

Tulifika kona ya shule. Gia ikateleza, injini ikalia bila gari kwenda, kisha ya pili ikashika kwa nguvu. Mke wangu alitoa sauti ambayo sijaisikia hata siku alizojifungua.

Mafuta yakizidi, vyuma vinavyozunguka huyapiga yakawa povu, na povu haliwezi kusukuma kitu. Nayajua haya. Nilimweleza palepale, tukiwa tumesimama kando ya barabara.

"Mwalimu," akasema, "nyamaza, unishike mkono."

Nikamshika. Nilimpigia simu shemeji; alikuja akambeba dada yake kama mtu anayebeba kioo.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekwenda bila mimi. Kiti cha mbele kililazwa, cha nyuma kilijaa mito.

Saa saba shemeji akapiga simu. Chuma walichomwekea nyongani kimesogea. Wanampasua tena kesho. Nikamuuliza kama daktari ametaja sababu.

"Shemeji, usiniulize mimi."

Jumapili, 9 Machi

Amepasuliwa, yu salama. Jana nilikwenda kumwona kwa miguu. Amepungua sana usoni. Akauliza kama gari limepona. Nikasema ndiyo. Kimya alikuja Ijumaa bila kuitwa, akaweka mpira mpya, akapunguza mafuta, akaenda. Dakika ishirini. Sikumzuia, sikuwa na nguvu. Sasa gia zinaingia bila mtu kujua.

Mke wangu amesema akitoka atakaa kwa kaka yake mpaka apone kabisa. Hakusema kwa hasira. Akanivuta mkono nimsogelee. "Na wewe pumzika, Mwalimu. Usiguse kitu." Nikamwahidi.

Nimeamka mapema. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimelizungusha gari mtaani mara tatu. Laini. Laini kupita kiasi, ukiniuliza mimi, na gia laini mno hula diski zake za ndani zenyewe, polepole, bila kelele. Ubavuni mwa giaboksi kuna skrubu ndogo ya kurekebisha ukali wa gia, ambayo Kimya hakuigusa. Robo mzunguko tu. Nataka liwe kamili siku nitakayokwenda kumrudisha nyumbani.

Kazi ya leo: tafuta bisibisi nyembamba.