Ufunguzi wa Polepole

Jumatatu, 3 Juni

Siamini! Makundi ya mashindano ya sataranji ya mtandaoni yametoka, na mpinzani wangu ni Miwani. Yule Miwani wa mkondo wa pili, ambaye tangu mwaka jana nimemwambia maneno mawili tu: "Samahani" na "Samahani." Mara zote mbili yeye ndiye aliyenikanyaga.

Utaratibu ni huu. Kila hatua moja unapewa siku tatu. Unasogeza kete, unakwenda zako kuosha vyombo, mwenzio anajibu kesho au keshokutwa. Chini ya ubao kuna kisanduku cha ujumbe. Mchezo ukiendelea, kiko wazi. Mchezo ukiisha, kinafungwa.

Kwa hiyo sitaki kushinda. Kushindwa pia sitaki. Nataka usiishe.

Jumanne, 4 Juni

Nimeazima maktaba kile kitabu cha ufunguzi wa sataranji, kiko kimoja tu, jalada limechanika. Nimechagua ufunguzi unaosinzia kuliko yote. Askari wanasogea kidogo kidogo kama wageni wasiojua wakae wapi, na kwa muda mrefu hakuna anayemla mwenzake. Safi!

Ujumbe wa kwanza umenila mchana kutwa. Nimeuandika kwa lugha ya darasani. Ile ya nyumbani siithubutu, inanijua mno. Matokeo: "Mheshimiwa mpinzani, nakutakia mchezo mwema." Kama namwomba kazi.

Dada akauliza nachekea nini kwenye simu. Nikasema hesabu. Akasema hizo hesabu zinazomlegeza mtu macho na yeye angezitaka.

Alhamisi, 6 Juni

Kajibu! Kasogeza farasi, na chini yake kaandika kwa lugha ya nyumbani, hivi hivi tu, kama mtu aliyevaa kandambili: kwani mimi ndiye yule anayekaa dirishani?

Yule anayekaa dirishani. Anajua ninapokaa!

Nimeusoma hadi Mama akasema nitaitoboa hiyo simu. Kisha nikamjibu, kwa lugha ya darasani: "Ndiyo. Hapo mwanga ni mzuri."

Mwanga ni mzuri! Utadhani napangisha nyumba.

Jumapili, 9 Juni

Baba yake amehamishwa kikazi. Shule zikifungwa, wanahama wote. Kaandika kwamba hajamwambia mtu mwingine darasani, na kwamba uzuri wa mchezo huu ni kuwa hauna haraka, tutaendelea nao hata huko.

Nilikuwa kwenye ngazi za uani nafua. Nikasoma, nikakaa. Bomba likaendelea kumwaga, ndoo ikafurika, gauni la Mama likateremka ngazi peke yake.

Nimeandika "Usiende." Nikafuta. Nimeandika "Nitaku" nikafuta kabla sijajua neno linakwenda wapi. Nilichotuma: "Safari njema."

Lakini kasema tutaendelea. Tu-ta-e-nde-le-a. Hatua ya thelathini nitamwambia kila kitu. Kufika hapo nitakuwa nimejiandaa.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mama kaona alama zangu za jaribio la hesabu. Simu anaichukua mpaka mitihani iishe Ijumaa. Nikamwambia kuna jambo la maana sana humo. Akasema la maana liko kwenye daftari, na simu haijaniajiri. Dada akadakia kwamba hesabu zimemlegeza macho mtoto mpaka hazioni tena. Nyoka!

Siku tatu zikipita sijasogeza kete, nimeshindwa, na kisanduku ndio basi. Nikaomba nafasi ya kumaliza chai.

Hapo akili ikafanya kazi! Mashine inayoendesha mchezo inapokea majibu ya mapema. Unaiandikia: akicheza hivi, nijibie hivi, akiendelea hivi, mimi vile. Nimenakili ufunguzi wangu wote kutoka kitabuni, mstari kwa mstari, mpaka chini ya ukurasa. Mashine itanishikia nafasi kama mtu anavyomwachia mwenzake kanga kwenye foleni.

Nimemkabidhi Mama simu nikitabasamu. Kanishuku.

Ijumaa, 14 Juni

Simu nimepata. Mchezo umekwisha.

Miwani naye aliweka majibu ya mapema. Kutoka kitabu kile kile nilichokirudisha maktaba Jumanne, jalada lile lile lililochanika. Alipocheza hatua yake, mashine ikapokea yake na yangu, ikatimua mbio hadi mwisho wa ukurasa, pale ambapo malkia wanakwenda na kurudi, wanakwenda na kurudi, hadi inatangazwa sare. Kufumba na kufumbua. Mchezo wetu mzima, na sisi wenyewe hatukuwepo.

Kisanduku kimekuwa cha kijivu. Nimekibonyeza hata hivyo.

Dada akauliza nani kafa. Nikamwambia mchezo. Akaniangalia, akanisogezea chai yake.

Jumatatu, 17 Juni

Kaja dirishani. Mwenyewe!

Kasema aliogopa bando lingemwishia na muda umpite, ndiyo maana akaingiza ukurasa mzima. Akacheka. Ana pengo dogo upande mmoja, mtandaoni halionekani. Akasema maktaba kuna ubao wa kweli, na wiki hii yote ya mwisho mchana atakuwa pale peke yake. Niende tucheze. Au kama kucheza sitaki, tukae tu tuongee.

Tuongee.

Nikamwambia nina masomo ya ziada.

Sina masomo ya ziada. Hakuna mwalimu ambaye angekubali.

Akasema haya. Akabaki kidogo, kidole chake kwenye fremu ya dirisha. Akaenda.

Jumanne, 18 Juni

Nimepata dawa! Mara ya kwanza nilicheza na siku tatu, kosa lilikuwa hapo. Nimemwalika mchezo mpya: kila hatua wiki mbili. Kakubali dakika ile ile, akaandika kwamba leo tena yuko maktaba, ameshapanga kete zote, na upande mmoja hauna mtu.

Nimemjibu: "Asante kwa taarifa."

Dada kasoma begani kwangu. Kasema mtu mwenyewe yuko ng'ambo ya uwanja, nivae viatu niende. Nimemwambia hajui sataranji.

Nimefungua kwa askari mmoja. Na ili aibu isije ikaniponza njiani, nimeiandikia mashine majibu ya mapema yale yale, yote, mpaka chini ya ukurasa. Kilichobaki ni kusubiri tu, na hilo naliweza.