Kamati ya Kumuaga Mama Teodora Kwenda Ulaya kwa Treni

Kuna watu huamka asubuhi wakaenda kuokota riziki. Machibya huamka jua likishapanda, akaenda kuokota mtu.

Siku hiyo alikuwa Mwanza, Mkuyuni sokoni, anachambua mtumba kwa dharau ya mtu aliyeshiba, ingawa tumbo lake lilikuwa linasimulia habari tofauti. Mkono ukagonga begi la mgongoni, kubwa, la kijani, lenye mikanda mingi kuliko mizigo yenyewe. Kwenye zipu ya pembeni alikuta mchanga, soksi moja ya mtu asiyejulikana, na ramani ya reli za Ulaya nzima, mistari myekundu imetapakaa kama mishipa kwenye jicho la mlevi.

Mtu wa kawaida angemrudishia muuzaji ile karatasi afungie karanga. Machibya aliinyanyua juani, akaitazama kama padri anavyotazama sadaka nono.

"Hilo begi limetembea sana," muuzaji akamsifia.

"Sasa litatembeza wengine," akajibu.

Wiki haikuisha, kwenye fremu ya duka aliyopanga Mabatini, ambamo pia alikuwa akilala, kukawa na tangazo la rangi ya bluu: ULAYA KWA TRENI. BEGI MOJA, MIJI YOTE. BEI YA MKULIMA. NDEGE NI ZA WENYE HARAKA. Ramani ikabandikwa ukutani, na begi la kijani likaning'inizwa mlangoni kama bendera ya taifa jipya.

Tumtendee haki lakini. Machibya hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako hali hutaki. Machibya alisubiri mpaka ukambembeleza achukue.

Wa kwanza kubembeleza alikuwa Mama Teodora wa Mkolani, mjane, muuza dagaa na sangara, mwili wa kutosha na sauti ya kuzidi. Aliingia akasimama mbele ya ramani, mikono kiunoni.

"Shikamoo mama," Machibya akaruka kutoka kwenye stuli.

"Marahaba mwanangu. Hii Ulaya ya ukutani ni ya kweli au ni rangi?"

"Mama! Reli hizo zote unazoziona zinafanya kazi. Unalala Paris, unaamka Viena. Hoteli hulipi, kwa sababu umelala kwenye treni. Wazungu vijana ndivyo wanavyotembea, begi mgongoni, mkate mkononi."

"Na kutoka hapa mpaka huko?"

"Treni."

"Na bahari?"

Machibya akatabasamu. Swali hilo alikuwa ameshaliandalia jibu. "Mama, wewe ni mtu wa Mwanza. Hujaona pale bandari ya Mwanza Kusini mabehewa yanavyopandishwa kwenye meli yakaenda Uganda?"

"Nimeyaona sana."

"Basi! Ziwa limeweza, bahari ishindwe? Ni ziwa lenye chumvi tu."

Mama Teodora akaguna kwa namna ambayo Machibya aliichukulia kuwa ni kukubali. Wajanja wana kosa hili: wakisikia mtu anaguna, hudhani wanajua ameguna nini.

"Ada je?"

Machibya akataja ada, sauti ikiwa laini kama ya daktari anayetoa habari mbaya.

"Pesa taslimu sina, mwanangu, dagaa ndiyo kwanza wako juani. Ila nina friza."

"Friza?"

"Lile kubwa la kufunguka kwa juu. Linaingiza sangara mzima, kichwa na mkia, na mvuvi wake ukimkunja."

Machibya akasahau pesa taslimu. Nani Mwanza asiyejua maana ya friza? Jua likiwaka juu ya mawe ya mji huu, mwenye barafu ndiye mbunge. Angeuza barafu kwa wachuuzi wa samaki, maji baridi kwa madereva, na ubuyu wa barafu kwa wanafunzi. Asingemdanganya mtu tena maishani, labda sikukuu. Friza lile ndilo lingekuwa kiinua mgongo chake, astaafu utapeli kwa heshima kabla utapeli haujamstaafisha kwa mawe.

"Kwa vile ni wewe, mama," akasema kwa huzuni, "nitalipokea."

"Leo hii uje na guta ulibebe. Lakini nina sharti. Mimi siondoki kimyakimya kama kibaka wa kuku. Lazima niagwe."

"Uagwe?"

"Niagwe! Kamati, ukumbi, MC, sare, keki." Mama Teodora alivuta stuli ya Machibya akaikalia. "Mwanangu, mimi nimechangia mji huu mpaka mkono umepinda. Nimechangia harusi za watu walioachana kabla sijamaliza ahadi yangu. Kipaimara nimechangia, mahafali nimechangia, juzi nimechangia mtu aliyehamia Nyegezi. Nyegezi! Kwa mguu unafika! Hilo Teodora ni jina langu mwenyewe; Mungu hakunijalia mtoto wa kuoza, na mume alishatangulia. Kwa hiyo wananichota tu, kisima kisichorudishiwa maji. Mara hii na mimi nitachota."

"Agwa, mama," Machibya akasema, macho yake yakiwa tayari ndani ya friza. "Agwa kabisa!"

Jioni ile ile friza likahamia Mabatini. Machibya alilala amelikumbatia.

Mafunzo yakaanza, maana mjanja mzuri hutoa huduma. Machibya alimfundisha mama kanuni za msafiri wa bei rahisi. Kula mkate, kunywa maji ya bomba. Nguo ya ndani ni moja mwilini na moja inakauka begini. Usiku ni wa kusafiri, kwa sababu kitanda cha treni hakina kodi. Na kubwa kuliko zote: msafiri haombi nauli ya kurudi, husonga mbele.

"Husonga mbele," Mama Teodora akarudia, kama anakariri katekisimu.

Kisha Machibya akampeleka mama studio ya jirani kupiga picha, za viza, alisema, na za tangazo. Wakamvalisha jaketi la theluji lililotoka mtumba ule ule, jasho likamtiririka, na fundi wa kompyuta akamweka mbele ya treni ya Uswisi, mbele ya mnara wa Paris, na juu ya daraja fulani ambalo hakuna aliyejua liko wapi.

"Nipe zote kwenye simu," mama akasema. "Nijizoeze kujiona huko."

Upande wa pili, kamati ikawaka moto. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mahesh, mwenye duka la mabati na misumari, ambaye alipomwozesha binti yake, Mama Teodora alimchangia sangara wa kulisha ukumbi mzima. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, na humo Bwana Mahesh hakuwa na huruma.

"Ndugu wajumbe, naona watu wanaweka mikono ya maombi," aliandika. "Mikono ya maombi hainunui keki. Mama huyu alichangia kwenu wote. Nani anataka nimtaje?"

Hakuna aliyetaka kutajwa. Mtu aweza kukwepa kodi, aweza kukwepa misa, lakini kumkwepa Mama Teodora zamu yake ya kuchangiwa ilipofika ilikuwa ni sawa na kuhama mkoa. Kila mchango ukaenda moja kwa moja kwenye simu ya mama, kwa kuwa mweka hazina, kwa bahati tu, alikuwa yeye mwenyewe.

Mpango wa Machibya ulikuwa mwepesi: siku moja kabla ya sherehe, yeye na friza wapotelee Geita. Angefanya hivyo. Lakini Bwana Mahesh alimpigia simu.

"Ndugu wakala, kamati imekuteua mgeni rasmi."

Jamani. Maisha yake yote Machibya alikuwa ameingia kumbi kwa mlango wa jikoni. Sasa anaambiwa kuna kiti chenye kitambaa, maji ya chupa yake peke yake, na ua la kifuani. Kuna ugonjwa mmoja unaoua wajanja wengi kuliko polisi, nao ni kuheshimiwa.

"Nitakuwepo," akajibu. Geita ingesubiri.

Ukumbi wa Mkolani ulifurika. Kila mtu amevaa sare ya kitenge chenye picha za treni. Mama Teodora aliingia akicheza, begi la kijani mgongoni, akachukua nusu saa kufika mbele kwa sababu kila hatua ilidai kigelegele chake. Machibya aliketi meza kuu na ua lake, akijiona.

Ukafika wakati wa zawadi. MC Ngosha akatwaa kipaza sauti.

"Ndugu zangu, wote tumetuza. Lakini kuna mtu amekaa pale na ua kama jeneza la kifahari, hajanyanyuka! Wakala wetu! Wakala, Ulaya unaijua, kucheza unajua?"

Muziki ukapigwa. Machibya akanyanyuka, akatembea kwa madaha, akambandika mama noti kwenye paji la uso.

"Simamisha muziki!" MC akapiga kelele. "Jamani, wakala wa bara zima anatoa hela ya vocha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Teodora akampokonya MC kipaza sauti.

"Msimwonee mwanangu. Ana siri, na mimi kunyamaza nimeshindwa. Leteni!"

Mlango ukafunguliwa. Vijana sita wa kamati wakaingia wakicheza, wamebeba friza mabegani. Friza lilikuwa limefungwa utepe mwekundu. Machibya alilitambua kwanza kwa mkwaruzo wa ubavuni, ule aliokuwa akiupapasa kila usiku kabla hajasinzia. Mke wa mwenye nyumba wake, aliyekuwa na funguo za akiba, alikuwa nyuma ya msafara akipiga vigelegele kuliko wote. Naye alikuwa mjumbe wa kamati.

"Mtoto huyu," Mama Teodora akasema, machozi yakimlengalenga, "nilimlipa ada kwa friza langu. Akaniambia: mama, wewe ni mjane, nitakurudishia mbele ya watu. Kweli au si kweli, mwanangu?"

Ukumbi wote ukageuza shingo. Machibya akapiga hesabu. Akipinga, itabidi aeleze mtu wa namna gani huchukua friza la mjane, na kwa ajili ya nini. Vijana sita walioshusha friza walikuwa bado wanapumua juu juu, na mikono yao haikuwa na kazi.

"Kweli, mama," akasema. Sauti ilitoka kama ya panya mwenye mafua.

Vigelegele vikapaa. Watu wakamkumbatia. Bibi mmoja akambariki.

"Na si hilo tu!" mama akaendelea. "Amesema Ulaya haniachi niende peke yangu. Ananisindikiza mwenyewe!"

"Na tiketi za treni mpaka Tabora kamati imekata," Bwana Mahesh akadakia akizipunga hewani, "mkaunganishe huko huko, kama ulivyotueleza, ndugu wakala!"

Kesho yake mtaa mzima uliwasindikiza stesheni kwa matarumbeta. Walimvalisha Machibya jaketi la theluji, wakampa mkate na ile ramani ya ukutani, wakamsukumia behewani. Treni ikapiga honi, na Mwanza ikabaki nyuma inapunga vitambaa.

Machibya alisubiri mpaka mawe ya mji yakaisha dirishani.

"Mama," akasema, "tuongee kama watu wazima. Hii treni haifiki Ulaya."

"Weee!" Mama Teodora alikuwa anamenya karanga. "Mwanangu, mimi nasafirisha dagaa kwa reli hii tangu hujazaliwa. Ingekuwa inafika Ulaya, dagaa wangu wangeshatangulia."

Machibya akamkodolea macho. "Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu ziwa lenye chumvi. Lakini nilihitaji safari, ili niagwe. Na safari inayoaminika lazima iwe na wakala. Wewe ulikuwa na ramani."

Treni ikapunguza mwendo, ikaingia Bukwimba. Mama Teodora akatoa kipochi chake kwenye begi la kijani, akamwekea Machibya begi mapajani.

"Mimi nashuka. Dada yangu analima mpunga hapa, nitapumzika nikituma zile picha kwenye kundi, moja moja, mpaka Ulaya iishe."

"Na mimi nashuka!" Machibya akanyanyuka.

"Shuka. Urudi Mabatini kesho, wakuulize mama umemwacha wapi. Utajibu nini?"

Machibya alifikiria jibu. Akafikiria lingine. Akawaona vijana sita wa kamati akilini mwake, mmoja baada ya mwingine. Akakaa.

"Msafiri," mama akamkumbusha akiteremka, "husonga mbele."

Wiki mbili baadaye, Machibya alikuwa Tabora, chini ya ukuta wa stesheni, jaketi la theluji limegeuzwa godoro, soksi moja ikikauka juu ya begi. Simu ikaita.

"Mwanangu, hujambo? Kundi linauliza leo tumefika mji gani. Bwana Mahesh anataka kujua na hali ya hewa."

Machibya akakunjua ramani, akafuata mstari mwekundu kwa kidole. Jogoo akawika karibu na sikio lake, naye akaziba simu mpaka jogoo alipomaliza.

"Waambie Budapesti. Kuna baridi kidogo."

"Vizuri. Nina picha ya daraja, itafaa. Umekula?"

"Mkate, mama."

"Na maji?"

"Ya bomba."

"Safi sana," Mama Teodora akasema, na nyuma yake ikasikika sauti ya watu wakicheka na sufuria ikifunikwa. "Ndiyo bajeti hiyo. Ukitulia, tukimaliza Italia nitakutumia nauli, urudi kuniuzia barafu."